Nguvu Zangu Zimeenda Ukutani

Kwako Mwalimu wa Fizikia,

Natumaini u mzima. Mimi ni mwenye bucha, mjomba wa yule binti anayekuchosha kwa maswali darasani. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa mabega yananiuma.

Jumapili tulikuwa tunatoa kabati la nguo la dada yangu kupitia korido. Shemeji, fundi cherehani mwembamba kama uzi wake, alivuta kamba akiwa mlango wa mbele. Mimi nilivuta nyingine kutoka mlango wa jikoni, ubavuni. Kabati likaenda mshazari, likakwangua rangi, likakwama. Ndipo mpwa wangu akafunga mizani zangu mbili za kuning'iniza nyama, moja kwenye kila kamba, akachora mishale sakafuni kwa chaki. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mizani ilinipa kilo arobaini, yaani nyutoni 400 hivi. Binti akasema kamba yangu iko digrii 60 kutoka njia ya korido, na kosaini ya 60 ni nusu. "Mjomba usikasirike, 200 ndizo zinaenda mlango wa mbele. 346 zinavuta ukuta." Ukuta! Mimi na ukuta hatuna ugomvi.

2. Shemeji alivuta 250 tu, lakini zote zikahesabiwa za mlangoni. Eti kanishinda. Tangu hapo dada yangu anamwita Trekta, naye anaitika.

3. 400 na 250 ni 650, hata wateja wangu wakorofi hawabishi. Binti akachukua 450 za mlangoni akazizidisha kwa zenyewe, akafanya hivyo kwa zile 346, akajumlisha, akatafuta kipeuo cha pili: 568. Nyutoni 82 ziko wapi? Naomba shule izirudishe.

4. Sasa nikibishana na dada yangu, binti anauliza pembe kati yetu ni ngapi.

Kwa hiyo naomba somo hili lifutwe. Ikishindikana, wajomba wajumlishwe wazimawazima, bila pembe, kwa kuzingatia umri.

Nisalimie walimu wenzako, mpiga kengele na wote wa nyumbani kwako.

Wako katika utii, niliyekatwa nusu,
Mwenye Bucha

Nyongeza: Asubuhi hii tumerudia, nami nikashika kamba moja na shemeji, tukavuta upande mmoja. Kabati limetoka kama limeitwa. 650 zote zimeonekana. Somo liendelee tu. Ila nilisimama nyuma ya Trekta, na hilo naomba lisitokee kwenye mtihani.