Tangazo Rasmi Kuhusu Dawa Mpya na Kofia Iliyo Chini ya Kuku

Mheshimiwa Baba Wahu, mwenye nyumba na rimoti. Shosho, mama yetu sote na mwenye kiti cha juani. Wahu, katibu anayesoma barua hii kwa sauti. Norman, naibu katibu wa kula. Na kuku mwekundu anayeatamia chini ya meza ya jikoni hapo Riruta: itifaki imezingatiwa. Hamjambo nyote? (Wahu, ngoja wajibu.)

Mimi Mama Wahu, Waziri wa Kifua Changu Mwenyewe, nikiwa hapa Kilimani kwa dada yangu Jackie, nina furaha isiyo na kifani kuwaarifu wadau kwamba Mradi wa Dawa Mpya Kutoka Ng'ambo, niliouzindua kwa simu wiki jana ili Baba Wahu apate usingizi, umefanyiwa fisibiliti, yaani upembuzi yakinifu, na kamati ya mimi, Jackie na chapati nne, na umefika asilimia tisini na tisa! (Makofi. Norman, weka kijiko chini.)

Chini ya uongozi wangu, dripu ya kemo ya mwaka jana iliondoa asilimia mia moja ya nywele, lakini pia ikainyamazisha hii saratani ya mapafu, ile wanaiita ya seli ndogo na haina udogo wowote, miezi tisa mizima, nikaimba soprano kanisani, hata ile kofia yangu ya sufu, marvini ya kijani, nikampa kuku atagie, nikisema sitaihitaji tena. Sasa ugonjwa umerudi. (Kicheko. Shosho aruhusiwe kulia kidogo.)

Baba Wahu, kabla sijazindua mradi ulisema, "Hiyo kemo ilishindwa, ya nini kurudia?" Hata mimi nilimwuliza Daktari Nanjala hivyo hivyo. Akasema, "Mama, haikushindwa. Ugonjwa ungerudi baada ya wiki chache, ningetafuta nyingine. Huu ulinyamaza muda mrefu, unaweza kuitii tena. Lakini siwezi kukuahidi." Kwa hivyo leo, kwa mara ya kwanza katika historia ya hotuba, kiongozi haahidi kitu. (Mshangao.)

Kemo ile ile, juu! Kutapika, chini! (Semeni nyote.)

Na asanteni kwa kuunga mkono mradi ambao haukuwahi kuwako. Hakuna dawa mpya. Ni dripu ile ile, Jumanne saa mbili asubuhi, na naogopa. Baba Wahu, mtoe kuku polepole, mtandikie shuka kuukuu, Wahu aifue hiyo marvini kwa maji moto, halafu uniletee wewe mwenyewe. Nikiiona mkononi mwako nitajua umekubali. Nijibuni leo leo, tafadhali.