Mbuzi wa Bibi na Taa Tatu

Jumatatu, 4 Agosti
Sijamwambia mtu, hata rafiki yangu Lubna. Mbuzi wa Bibi hakupotea. Nilimvuta mwenyewe kwa kamba alfajiri, hadi gati ya Kipungani, nikamkabidhi Ghassan, fundi sola wa Langoni, mjini Lamu. Mbuzi ndiye malipo ya kwanza. Yaliyobaki nitatuma kwa simu kila Ijumaa. Bibi nimemwambia sola ni zawadi ya shule, nimeshinda insha. Ya Kiingereza, nikaongeza, asije akaomba kuisoma.

Hesabu ilikuwa safi. Mafuta ya taa ghali, Bibi anasuka mikeka huku akikohoa moshi, nami nina mtihani. Jioni taa tatu zikawaka. Bibi alilia kwa furaha. Kisha akauliza mbuzi wake yuko wapi.

Jumatano, 6 Agosti
Sikufikiria maziwa. Bibi anakunywa chai ya rangi akikitazama kikombe kama kimemtukana. Nikamkumbusha taa zinatuokolea pesa. Akasema vyema, basi nikazikamue.

Anamshuku jirani yetu Bwanamkuu, kwa kuwa jana alipika nyama. Maskini, ulikuwa utumbo. Nilimtetea: nikasema huenda mbuzi amekwenda zake kisiwani Manda. Bibi akauliza kwa boti ya nani.

Alhamisi, 7 Agosti
Balaa. Bibi amemwomba Maalim Abdulqadir asome Halbadiri kesho, kumlaani mwizi. Mwivi huyo tumbo litamfura, kasema Bibi, hata akipita ndia gani nti hii itamkataa.

Bwanamkuu alikuja kuapa mlangoni. Bibi hakuitikia salamu. Madrasani wanawe wameshaitwa wana wa mwivi. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nikalivuta lifunike na miguu.

Mpango: sili mpaka Jumamosi. Tumbo tupu litafura nini?

Ijumaa, 8 Agosti
Imesomwa. Kahawa na tende nimepeleka mimi. Maalim akauliza mbona natetemeka. Nikasema njaa, na hilo ni kweli. Bibi akasema mtoto mwenye akili za insha hawezi kulala njaa, akanipakulia wali na kunde. Nikala sahani mbili. Sasa tumbo limejaa na sijui ni kunde au ni Halbadiri.

Magharibi taa zikazima zote. Sijatuma malipo ya wiki, na Ghassan ameufunga mtambo kwa simu akiwa kwao Langoni. Nilitegemea kuchaji simu za majirani kwa pesa kidogo, ila nani atakanyaga nyumba inayosomea watu Halbadiri? Bibi akawasha koroboi. Akasema Bwanamkuu naye ana wasomaji wake.

Jumamosi, 9 Agosti
Bwanamkuu amefunga nyumba. Amewachukua wanawe hadi kwa shemeji yake Matondoni. Bibi kasema aliyekimbia ndiye, alhamdulillah, kisomo kimejibu. Kijiji kizima kinakubali.

Nikampigia Ghassan, nirudishiwe mbuzi. Ameshaliwa harusini. Nisipolipa atakuja kung'oa paneli.

Basi nikaenda kwa Bibi kusema yote. Alikuwa ameinamia ukili wa mkeka, anakohoa. Akanishika mkono, akasema angalau Mungu kamwachia mjukuu mkweli. Nikamuuliza kama anataka maji.

Nimefikiri sana tangu hapo. Bwanamkuu ameacha kuku wake uani, na hakuna wa kuwalisha. Watakufa bure. Ghassan anasema kuku pia anapokea. Wakitoweka, watu watadhani amerudi kuwachukua.

Ndara za Bibi zinaburuzika ukumbini, zinakuja mlangoni. Ukurasa huu chini ya mkeka, nami nalala juu yake, macho nayafumba.