Jinsi Mama Pini Alivyoiteka Sare

Siku mke wangu alipofariki, sare yake ya uuguzi ilikuwa kwenye kamba nyuma ya nyumba, bado inachuruzika maji. Aliifua asubuhi, akasema kichwa kinamgonga, akajilaza kidogo. Hakuamka. Waombolezaji wakawa wanainama chini ya ile sare kupita kwenda uani, wala hakuna aliyeuliza ilipatikanaje.

Basi sogeeni mketi, enyi wafuaji na wapiga pasi, enyi mliowahi kuambiwa "njoo kesho" na kesho mkaja! Tegeni masikio, niwasimulie vita vya Mama Pini na Ngome ya Stoo, vita ambavyo havikumwaga damu ila vilimwaga chai.

Mama Pini, ndiye mke wangu huyo, binti wa fundi cherehani, malkia wa wodi ya wazazi, aliyewapokea duniani nusu ya watoto wa mtaa huu na kupigwa mateke na mama zao, alikuwa na sare moja. Posho ya mavazi ilitangazwa kila mwaka kwa vipaza sauti, ikapigiwa makofi, kisha ikapotelea njiani. Na wakubwa wa ofisini, ambao adui yao pekee ni kiyoyozi, wakazidi kupendeza kwa suti. Sare ile nyeupe ilifuliwa mpaka ikawa ya kijivu, na kwapani ilishikwa na pini tatu. Ndiyo asili ya jina.

Alivumilia, mpaka siku mama mmoja mwenye uchungu alipomtazama toka juu mpaka chini, akausukuma mkono wake na kupiga kelele: "We dada wa usafi, usinishike! Niitie nesi!"

Jioni ile hakugusa chakula.

"Baba watoto," akaniambia, "wafagiaji wana sare mpya za kijivu. Mimi nafanana na dekio lao. Kesho naenda stoo, na sirudi mikono mitupu."

Kulipokucha akajivika kitenge chake cha heshima, akaiendea ngome. Dirishani, nyuma ya nondo, aliketi Bwana Stoo, mlinzi wa marobota, kijiti cha meno mdomoni mithili ya mkuki. Naye akanena:

"Sare hutolewa kwa muuguzi. Na muuguzi ni nani? Ni mtu aliyevaa sare. Wewe, dada yangu, umevaa kitenge. Nitakujuaje?"

"Kaka, si wewe juzi uliniletea mkeo nikamzalisha?"

"Juzi ulikuwa umevaa sare."

Akarudi nyumbani anafuka moshi. Na hapa, enyi wasikilizaji, ndipo mimi na yeye tulipojichimbia shimo. Aliona haya kuingia ofisi ya watu na nguo mbovu. Basi tukaitandaza sare mezani, yeye kwa sindano, mimi kwa pasi. Tukaziba kila tundu, tukanyoosha kila kiraka, mpaka ikasimama yenyewe kama askari kwenye gwaride. Kwapani tu ndipo kitambaa kilipokataa uzi, kwa uchovu wake. Tukaziacha zile pini tatu, tukazificha kwa ndani.

Bwana Stoo alipoiona, alitikisa kichwa kwa huzuni kuu.

"Dada, unanitania. Hii imechakaa wapi? Tunampa aliyechanika! Mwenye mkono wa kushona hivi ana shida gani na serikali? Kama hukubali, nenda kwa Katibu."

Katibu wa hospitali, mwenye suti ya rangi ya samli, alikuwa anakunywa chai, mlango wazi, na foleni ya watumishi nje ikichungulia. Akaweka kikombe chini, akasafisha koo, akahutubia:

"Mama, uuguzi ni wito. Wito haupimwi kwa nguo. Mimi mwenyewe najinyima. Hata hivyo, tusiseme ofisi haisikilizi. Haya, nyoosha mkono, tuone hapo palipochakaa."

Mama Pini, jemadari asiye na jeshi, akanyoosha mkono.

Kwaraaa! Sare ikapasuka toka kwapani hadi kiunoni. Pini ya kwanza ikagonga ukuta, ya pili ikapotelea zuliani, ya tatu ikatua kwenye kikombe. Katibu akaruka, kikombe kikaanguka, chai ikaivamia suruali. Mlangoni mtu akasema, "Mama yangu! Katibu kamfanya nini nesi?"

"Sijamgusa!" akalia mkubwa yule. "Jamani, nyote mashahidi, sijamgusa! Mpeni mama huyu nguo! Sasa hivi!" Akalivua koti lake, akamfunika nalo mabegani, huku macho kayafumba.

Hivyo ndivyo posho ya mavazi ilivyomfikia muuguzi kwa mara ya kwanza.

Alirudi jioni na kifurushi kwapani. Nilikuwa mlangoni.

"Vipi? Umeshinda au umeshindwa?"

"Sare," akajibu. Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Tulipoifungua tukakuta ni kubwa mno, ya mtu na nusu, na ilibidi ikazwe kwa pini nne.

Lakini kesho yake, kabla hajavuka mlango wa wodi, mama mmoja kitandani alimwona akaita, "Nesi! Nesi, njoo!" Aliniigizia wito huo wiki nzima, kila mara kwa sauti mpya. Basi na ijulikane kwa vizazi vyote, na wenye suti waambiwe: yupo mwanamke aliyeingia ngomeni na pini tatu, akatoka na nguo nzima.

Jana Bwana Stoo alinipigia simu. Alinipa pole, akakohoa, akasema sare ni mali ya serikali, irudishwe ikiwa safi.

Nimeifua, nimeipiga pasi. Sijaipeleka.