Bango Kwanza, Barafu Baadaye

Jumatatu, 5 Oktoba 2009

Kanada ikinikabidhi hazina yake kwa wiki moja tu, huu mdororo wa uchumi utapiga magoti na kuniomba radhi. Nasema hivi bila kujisifu. Kule Ottawa wamejaa maprofesa, na bado kiwanda chetu cha karatasi kimefungwa mwaka wa pili huu. Mimi, Tobin Kangas, shule iliniacha nikiwa darasa la kumi, na leo kabla ya kumaliza uji nimeshapata dawa.

Dawa ni bango.

Nimechunguza. Majirani zetu wa Marl Lake, watu wasio na haya, wamepata choo kipya kando ya ziwa. Choo! Kwanza lilikuja bango la serikali, buluu na kijani, kubwa kuliko choo chenyewe. Kisha akaja mbunge wa Ottawa na hundi ya karatasi ngumu, ndefu kama mlango. Kisha mpiga picha. Mafundi walikuja mwisho kabisa. Nimeuliza miji mingine, utaratibu ni huohuo. Bango likisimama, pesa inalifuata.

Sisi Alder Falls hatuna bango. Ndiyo maana uwanja wetu wa barafu umefungwa tangu mabomba ya kugandisha yapasuke. Na ndiyo maana Baba yuko Alberta, anaendesha lori kwenye machimbo ya mafuta, na sijamwona tangu Februari. Meya wetu, Bi Lempi Saari, alimwahidi nikisikia kwa masikio yangu: siku uwanja utakapofunguliwa, msimamizi ni yeye, na gari la kulainisha barafu atalishika yeye. Baba akasema siku hiyo atarudi hata kwa miguu.

Kwa hiyo hesabu ni rahisi. Bango, pesa, barafu, Baba.

Maprofesa mpo?

Jumatano, 7 Oktoba

Kazi imefanyika. Mchana kweupe!

Nilivaa kizibao cha Baba cha kiwandani, kile cha rangi ya chungwa chenye mistari inayong'aa. Kinanipwaya, lakini kina miujiza yake. Ukikivaa hakuna anayekuuliza jina. Ukishika na spana mkononi, watu wanakusogezea magari yao.

Rafiki yangu Rémi alileta pikapu ya mjomba wake, akalalamika njia nzima. Alisema tutafungwa. Nilimwelewesha kwamba hatuibi, tunahamisha mali ya serikali kutoka serikalini kwenda serikalini. Akasema wote waliofungwa walianza kwa maneno hayohayo. Huyu Rémi ameumbwa na moyo wa kuku, lakini pikapu anayo yeye.

Pale kwenye choo cha Marl Lake, tukilifungua bango, bibi mmoja, Bi Eunice Dagg, alitoka kwake na vikombe viwili vya kahawa, akauliza bango linapelekwa wapi. Nikamjibu linakwenda kuoshwa. Alifurahi mno. Alisema ana miaka themanini na moja na hajawahi kuiona kodi yake ikifanya kazi mbele ya macho yake.

Uzuri wa bango ni kwamba halitaji choo. Linasema tu: Tunaunda Ajira, Tunajenga Kesho. Hata kaburini lingefaa.

Saa tisa lilikuwa limesimama mbele ya uwanja wetu, limenyooka. Rémi akakimbia. Mimi nilibaki nikilitazama mpaka shingo ikauma. Nikapeleka jicho kwenye kioo cha mlango. Ndani mna sakafu ya saruji na njiwa wawili. Lakini nilisikia, nasema kweli, nilisikia lile gari likinguruma, na Baba juu yake anapiga mluzi, anakosea palepale anapokosea siku zote.

Alhamisi, 8 Oktoba

Mji umepagawa.

Pale kwenye duka la kahawa wazee wa kiwandani wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema serikali imechelewa mno kutoa pesa. La pili linasema serikali inakopa ovyo, na deni watakuja kulilipa wajukuu. Kutwa nzima walikuwa wakirushiana hayo. Kuhusu bango limetoka wapi, hakuna aliyeuliza. Hakuna!

Bi Meya alipita mbele ya bango mara ya kwanza polepole. Mara ya pili polepole zaidi. Mara ya tatu akashuka garini na kuwatangazia waliokuwepo kwamba amelipigania jambo hili kwa miezi mingi, mengine hawezi hata kuyasimulia. Uso mkavu kabisa. Nilitamani kumpigia makofi.

Jioni Mama alinikuta naanika kile kizibao. Alinitazama. Akakichukua, akakikunja, akakirudisha kabatini upande wa Baba. Nguo za Baba huzikunja kama mtu anayefunga zawadi, halafu mlango wa kabati anausukuma kwa kiganja, taratibu, ili usilie.

Jumamosi, 10 Oktoba

Mbunge amekuja!

Mheshimiwa Corwin Haskett, yuleyule wa hundi ya choo, alikuwa amealikwa ukumbi wa kanisa kula bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani. Gari lake lilifika kwenye bango, likarudi kinyumenyume. Akashuka. Akalitazama. Msaidizi wake akapekua simu, akapekua mkoba, akatikisa kichwa. Mimi nimesimama hapohapo.

Mheshimiwa akafunga kifungo cha koti, akatoa tabasamu, akaomba apigwe picha.

Nilijua. Mwanasiasa gani atakubali kwamba hajui serikali yake inajenga nini?

Kwenye chakula alihutubia. Alisema serikali yake haikuwasahau watu wa Alder Falls hata siku moja. Hapo akainuka Mheshimiwa Odile Marchand, mbunge wa jimbo, wa chama kingine, akakumbusha kwamba nusu ya pesa hizo ni za jimbo. Bi Meya naye akainuka, akasema mji umejinyima ili kuchangia sehemu yake. Pesa haipo, na tayari watu watatu wameitoa!

Kisha mtu mmoja nyuma kabisa, mdomo umejaa viazi, akauliza mafundi wanaanza lini.

Mheshimiwa Haskett akasema Ottawa iko tayari tangu zamani, jimbo ndilo linalokalia karatasi. Mheshimiwa Marchand akasema jimbo lingeanza kesho kama Ottawa ingefungua mkono. Bi Meya akawaambia wote wawili kwamba amechoka kutupiwa uchafu wao mlangoni kwake. Waligombana mpaka pai za maboga zikapoa. Serikali tatu nzima zinagombea pesa niliyoitunga mimi kwa spana!

Rémi alininong'oneza kwamba tukiri sasa hivi, wakati hasira zao zimeelekea kwingine. Nilimwambia ale. Mimi nilikula pai tatu.

Jumapili, 11 Oktoba

Shangazi aliiweka picha ya mbunge na bango kwenye Fesibuku. Baba ameiona.

Alipiga simu alfajiri, Mama yuko bafuni. Nikapokea mimi.

"Tobin, kweli wameanza?"

"Ndiyo, Baba."

"Usinitanie kwa hili, mwanangu."

"Bango liko mbele ya mlango, Baba. Nimelishika kwa mikono yangu."

Na huo si uongo.

Nilisikia upepo wa Alberta kwenye simu, na mlango wa lori ukibamizwa. Kisha akauliza kama Bi Meya bado anaikumbuka ahadi yake. Nikasema mji mzima hauzungumzi jambo lingine. Akasema ameombaomba, amepewa siku tatu, Jumatano alfajiri lazima awe kwenye lori. Anaingia garini sasa hivi. Atalala njiani, Jumanne asubuhi atakuwa nyumbani, atamwona Meya, waandikiane; hapo hata zamu ya Jumatano ikimpita si kitu, akirudi kule ni kwenda kuaga tu. Akaniambia nimwambie Mama amwekee paja la bata mzinga.

Nilicheza jikoni peke yangu! Mama alipotoka nilimwambia. Alikaa kwenye kiti na taulo kichwani, akauliza mara mbili. Halafu akaanza kusafisha nyumba ambayo ilikuwa safi.

Lakini kitandani nikaanza kuwaza. Baba si mbunge. Baba hatalitazama bango, atazunguka nyuma yake. Huko nyuma hakuna kitu. Panahitajika koni za barabarani, uzio wa plastiki, mchanga kidogo. Kazi ionekane imeanza. Akishaiona atabaki, na akishabaki watatafuta pesa, maana nani ataweza kumtazama usoni na kumwambia hakuna?

Koni zipo Marl Lake. Nina siku nzima ya kesho.

Jumatatu, 12 Oktoba. Sikukuu ya Shukrani

Naandika nikiwa ndani ya choo cha Marl Lake. Si kwa haja. Kikazi.

Tulifika asubuhi, nimevaa kizibao. Nilikuwa nimeshapakia koni nne nilipomwona Bi Dagg anakuja na fimbo yake. Sikuogopa. Alichosema ni kwamba anashukuru serikali imefika hata siku ya sikukuu, kwa sababu kitasa cha choo kimekwama tangu Ijumaa na mumewe alishafungiwa humo mara mbili. Akanishika mkono.

Ningesema nini? Kwamba mimi si serikali? Sasa koni nazichukua kama nani?

Nikatengeneza kitasa. Kumbe majirani wamesikia. Wakajipanga foleni! Mzee mmoja analalamikia shimo la barabarani. Mwingine amekatwa malipo ya watu wasio na kazi, ananiuliza mimi sababu. Nikamweleza kwamba sisi Ottawa tuko tayari, jimbo ndilo linalochelewesha. Akaelewa mara moja. Kazi hii ni rahisi kuliko nilivyodhani.

Kisha mama mmoja, bado na unga mikononi, akasema kijana wake yuko Alberta, amemwekea sahani mezani ingawa anajua haji. Aliuliza kazi zitarudi lini huku. Nikamwambia jimbo linachelewesha. Akatingisha kichwa, kama mtu aliyekwisha kuambiwa hivyo na wengine, akarudi kwake. Nilijisikia vibaya kidogo. Dakika moja hivi.

Sasa sinki imeanza kuvuja nayo. Rémi ameingizwa nyumbani kwa Bi Dagg, analishwa bata mzinga. Simu haishiki mtandao huku. Si kitu. Baba anafika kesho, na leo bado ni mchana.

Jumanne, 13 Oktoba

Jana tuliingia mjini saa moja usiku, koni kumi na mbili nyuma, nikiimba.

Baba hakulala njiani. Aliendesha usiku kucha, akafika jana adhuhuri.

Haya nimeyapata kwa Mama, kwa vipande, huku akiosha vyombo na kunipa mgongo. Baba hakuanzia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja uwanjani, na Mama akamfuata huko na koti lake. Alizunguka nyuma ya bango, kama nilivyojua. Akaweka uso kwenye kioo muda mrefu. Kisha akarudi kwenye nguzo ya bango, akashika nati moja, ilikuwa imelegea, akaikaza kwa vidole. Akamwambia Mama, "Aliyefunga hii ana haraka kama Tobin."

Mama anasema alicheka kidogo. Kwa Bi Meya hakwenda.

Nyumbani alikula. Aliuliza nimerefuka kiasi gani, Mama akamwonyesha kwa mkono. Alisema atajinyoosha dakika chache akinisubiri, akalala kitandani kwangu kwa muda wa saa mbili, na viatu miguuni. Alipoamka aliuliza kama nimerudi. Alikaa garini mbele ya nyumba, injini inanguruma, mpaka saa kumi jioni. Zaidi ya hapo asingewahi zamu, na asipowahi zamu na huko kazi imekwisha.

Mama ametaka kufua foronya yangu, ina harufu ya dizeli. Nimeificha.

Lakini habari njema zipo. Redioni asubuhi Mheshimiwa Haskett ameapa kuzifuatilia pesa za uwanja mpaka zipatikane. Mheshimiwa Marchand ameapa kuzipata kabla yake. Bi Meya amesema atawashtaki wote wawili. Mambo yanakwenda! Na Rémi, bila kujua alichokuwa akisema, ameniambia kuna bango la upanuzi wa barabara kuu ya magharibi, liko peke yake kabisa, nati nne tu. Likisimama upande wetu, barabara itapanuliwa. Ikipanuliwa, mtu anaweza kutoka Alberta, akalala njiani kama binadamu, na bado akapata muda wa kumsubiri mtu. Tunakwenda Alhamisi. Rémi amekataa, kwa hiyo tunakwenda.

Nikiupima mpango wote, umefaulu. Kilichoharibika ni kimoja, nakiandika hapa ambapo hakuna atakayekisoma. Nilitaka Baba arudi. Alirudi. Mimi nilikuwa Marl Lake, natengeneza choo.