Chura wa Frigo la Mama Musau

Wengine mjini Kamina huuza samaki, wengine huuza mihogo. Nicodème aliuza wasiwasi. Asubuhi moja ya kiangazi, akipita na pikipiki yake karibu na stesheni, alimwona Mama Musau, mjane wa dereva wa treni, akikamua tambara mlangoni. Umeme ulikuwa umekatika tena. Barafu ya frigo lake la samaki ilikuwa ikiyeyuka, na maji yakitambaa sakafuni hadi chini ya ukuta wa matofali mabichi. Kona moja ilikuwa imekwisha kulainika kama ugali. Nyumba nzima ilikuwa hatarini, na Nicodème alifurahi sana.

Kesho yake alirudi amevaa tai, na chura ndani ya kopo.

"Mama, jambo. Hii njo détecteur ya mayi. Mayi ikitoka ku frigo, inaimba. Weye unasikia, unapanguza, nyumba inabakia."

"Papa, hii iko chura."

"Chura ya mutoni inaimba bure. Hii ilisoma."

"Ilisoma wapi?"

"Mama, mambo ya teknike iko murefu."

Akamdondoshea chura tone la maji, na, Mungu amsamehe, akamfinya kidogo kwa siri. Chura akalia. Mama Musau akatazama ukuta, akatazama chura, akatoa mbuzi wake. Usimcheke. Ukuta wako ukianza kumung'unyika, utatoa hata godoro.

Chura aliimba maji yakiwapo na yasipokuwapo. Aliimba hata wakati wa sala, mpaka wanakwaya wa kanisa la jirani la Kimetodisti wakapoteza sauti zao. Mama Musau akaelewa alichonunua. Alikasirika siku nzima, kisha akachukua jembe.

Baada ya muda akamwita Nicodème mwenyewe, akampokea kwa vigelegele na kumpeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na shimo lililojaa maji, na chura ndani yake. Visima vya mtaa vyote vilikuwa vimekauka, watu wakinunua maji ya madumu kutoka kwa wasukuma baiskeli.

"Papa Nicodème, Mungu akubariki! Détecteur yako ilitoka mu nyumba, ikakala hapa, ikaimba. Nikachimba. Angalia!"

Nicodème akachota kwa kiganja, akanywa.

"Iko baridi!"

"Inatoka chini sana."

"Na inanuka samaki."

"Si inatoka ku ziwa Kisale, inapita chini ya udongo?"

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Nicodème alikuwa na akili nyingi, ila zote zilikuwa zimekwisha kukimbilia utajiri. Alijiona amekaa kwenye kiti cha kukunja, chura anaimba, matajiri wanapanga foleni kuchimbiwa visima.

"Mama, uniuzishe ile chura. Nakurudishia mbuzi yako."

"Apana, Papa. Sasa iko muntu ya nyumba."

"Mbuzi na piki yangu!"

Mama Musau akavuta pumzi ndefu, kama mtu anayemwoza binti yake wa mwisho, akapokea ufunguo.

Nicodème alianza kwa Papa Kalombo, mwenye nyumba aliyopanga. Chura akaimba katikati ya ua, wakachimba, wakapata vumbi. Akaimba karibu na jiko, wakachimba, vumbi tena. Kisha akaimba kitandani kwa Papa Kalombo, naye Papa Kalombo akamfukuza Nicodème kwa koleo.

Alifika kwa Mama Musau kwa miguu, kopo kwapani, akihema. Mlango ulikuwa wazi. Frigo lilikuwa limeinuliwa juu ya matofali ya kuchoma, mbali na ukuta. Chini yake bati lililokunjwa lilipokea maji yote, likayapitisha kwenye tundu ukutani, yakatoka nje. Nicodème aliyafuata kwa macho, tone kwa tone, mpaka kwenye shimo. Ile kona ya ukuta ilikuwa imekauka kabisa. Akakaa chini, machozi yakamtoka.

"Mama, ulinidanganya! Nirudishie piki yangu!"

"Piki ilienda Sanga, kule ku ziwa, kutafuta samaki. Na nilikudanganya na nini, Papa? Chura ilikuwa yako. Mayi ni ya frigo yangu. Miye nilichimba tu shimo. Kuingia, uliingia weye mwenyewe."