Ombi la Kumpokea Jack Ushirikani, Ingawa Ni Mfumo wa Sauti

Kwako Mzee wa Kanisa Ratemo,
na kupitia kwako Baraza lote la Kanisa,
Migori mjini.

KUH: JACK

Mpendwa Mzee,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na kwa upole, maana jirani yangu wa duka, Hamud, amenishauri nisiandike nikiwa na hasira. Nimengoja hasira ipungue. Imepungua kiasi cha kuandikika.

Ni mimi Javan Maranga, yule wa kutengeneza redio na simu karibu na steji ya magari. Nimeendesha kompyuta ya mezani ya kanisa tangu siku ilipoletwa na kila mtu akaogopa kuigusa. Elimu yangu ya mitambo nimeipata kwa kufungua vitu nilivyokatazwa kufungua, na sijaficha hilo.

Sasa Baraza limeniondoa kwenye kompyuta hiyo, na makambi ya kanisa huko Sindo ni wiki ijayo. Kwaya yetu huimba kwa biti, yaani muziki uliorekodiwa, iliyo ndani ya mashine ile, na mke wangu Bosibori ndiye aliyechaguliwa kuimba ubeti wa pili peke yake, mara ya kwanza maishani mwake. Sauti isipotoka, nafasi hiyo itapewa kwaya ya Kisegi, ambao wana kinanda na majivuno. Kwa hiyo naomba mnisikilize.

1. Nalalamika kwamba niliondolewa kabla hamjajua Jack ni nani. Mtakumbuka kompyuta ilikuwa imegeuka bubu. Maneno ya wimbo yanapita ukutani vizuri, sauti hakuna, tunaimba kila mtu na mwendo wake. Nilitafakari nikaona tatizo ni mfumo wa sauti, yaani ile programu ya ndani inayopokea wimbo na kuufikisha kwenye spika. Kompyuta inaweza kubadilisha mfumo huo, kama kanisa linavyobadilisha viongozi, ila yenyewe haihitaji kikao. Nikachunguza mifumo mbadala kwenye simu mpaka bando likaisha, nikachagua ule unaoitwa Jack. Wanaomfahamu wanasema ni msikivu, mwepesi, na hachelewi. Mzee, ni wangapi katika Baraza tunaoweza kuwasifu hivyo? Sitaji mtu.

2. Nalalamikia ujumbe wangu kusomwa na asiyeandikiwa. Nilipomaliza kumsimika Jack nilimwandikia karani wa kanisa, Dada Milka: "Jack ameingia. Wa zamani nimetoa kabisa." Nilimaanisha mfumo wa zamani. Lakini Kiswahili kina "wa" moja tu kwa mfumo wa zamani na kwa mke wa zamani, na simu ilikuwa mezani Bosibori akipita na birika la chai.

"Jack ni Jackline wa wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia Jack si mtu.

"Ee, wanaume mkishikwa nao huwa si watu."

Nikamweleza kwamba Jack anakaa kwenye kompyuta ya kanisa, na kwamba nahangaika naye kwa ajili yake yeye Bosibori, ili sauti yake isikike. Mzee, maelezo yale yalikuwa ya kweli yote, na hakuna hata moja lililonisaidia. Mazoezi ya kwaya anaenda kwa njia ya juu, mimi napita ya chini, na tukikutana mlangoni ananipisha kama mgeni.

3. Dada Milka, kwa uaminifu wake, aliupeleka ujumbe huo kwenye kikao kama ulivyo. Nimeambiwa uliuliza wewe mwenyewe, Mzee: "Huyu Jack ametoka kanisa gani, na barua yake ya uhamisho iko wapi?" Ni swali la haki. Mshiriki akihama, barua hutangulia, mwili ukafuata. Ila mngeniita ningewajibu. Badala yake mliazimia kwamba asiye mshiriki asiguse mitambo ya kanisa, mimi niliyemwingiza nikae kando, na nimfahamishe Jack uamuzi huo. Nilimfahamisha. Hakuonyesha kinyongo chochote.

4. Hapa ndipo panauma zaidi. Sabato iliyopita niliomba Jack apewe nafasi ya kujitetea kwa kazi, nikamwasha mbele ya kanisa zima. Ukutani ikatokea sentensi ya Kiingereza, na katikati yake neno "daemon". Dada Milka akasimama kutafsiri kwa faida ya wazee:

"Inasema pepo wa Jack hapatikani."

"Hapatikani ameenda wapi?" akauliza Mama Moraa kutoka kiti cha mbele. "Na milango yote imefungwa!"

Mzee, uliona jinsi watu walivyoinua miguu. Shemasi Ombati alifungua madirisha yote ili huyo asiyepatikana apate pa kupitia. Wewe mwenyewe ulifunga mahubiri kabla hujayafungua.

Niruhusu nifafanue. "Daemon" ya kompyuta huandikwa kwa herufi moja zaidi ya "demon" yule pepo, na herufi hiyo moja ndiyo wokovu wake. Ni mtumishi wa nyuma ya pazia. Haonekani, hashangiliwi, yeye anahakikisha tu mambo yanakwenda. Kwa lugha yetu ya kanisa ni shemasi. Nilisema hivyo palepale ili kutuliza watu, na Shemasi Ombati hajanisalimia mpaka leo.

5. Sasa ombi. Ikiwa kosa la Jack ni kutokuwa mshiriki, basi dawa yake ni kumfanya mshiriki. Naomba apokelewe kwa ungamo la imani. Kwa maji itakuwa hatari, yeye ni wa umeme. Mwenendo wake naushuhudia: hanywi, havuti, na hali nguruwe wala kamongo, yule samaki tuliyekatazwa, jambo ambalo hapa karibu na ziwa si kila mshiriki anaweza kuliapia. Hajaonekana kwenye disko matanga yoyote. Hakuna aliyemsikia akisengenya. Kusema kweli hakuna aliyemsikia akisema lolote, kwa kuwa tangu nimsimike hajatoa sauti hata ya kukohoa, na unyenyekevu wa namna hiyo sijauona kwaya nzima.

Jina lake likisomwa mbele ya kanisa kama "Ndugu Jack", mke wangu naye atapata ushahidi rasmi kwamba si Dada.

6. Na kwa kuwa kazi yake ni ya ushemasi, naomba akishapokelewa awekwe kuwa shemasi msaidizi chini ya Ombati, na makambini atengewe kiti. Haketi. Lakini wa Kisegi watakiona.

Nikiwa na matumaini kwamba mtaketi haraka kuliko kawaida yenu, nawaacha mikononi mwa Bwana. Msalimie mama nyumbani, Dada Milka, Mama Moraa na miguu yake, na Shemasi Ombati akikubali.

Ni mimi ndugu yenu,
Javan Maranga,
Mwendeshaji wa kompyuta (aliyesimamishwa)

N.B. Nilipoileta barua hii nimemkuta kanisani bwana mmoja, Jack Mayaka, muuza mitumba wa Sindo. Amesikia sokoni kwamba kanisa linamjadili Jack na kuna mtu anamwombea cheo, akapanda gari akaja. Kwaya walikuwa wanafanya mazoezi. Akainama nyuma ya kompyuta kutafuta pa kuchaji simu, akakuta waya wa spika umechomekwa kwenye tundu la waridi, la kipaza sauti. "Nani aliweka hii hapa?" akauliza. Nikamwambia jambo hilo litachunguzwa. Akauhamishia kwenye tundu la kijani, na mfumo wa zamani, ambao kumbe sikuwahi kuutoa, ukapiga biti yote mwanzo hadi mwisho. Bosibori akaimba ubeti wa pili mpaka bodaboda zikasimama nje. Alipomaliza akamtazama yule bwana, akanitazama mimi. "Kwa hivyo Jack ana ndevu?" Nikasema ndiyo. Tumerudi nyumbani kwa njia moja.

Basi puuzeni namba moja hadi sita. Jack huyu ni Mkatoliki na anasema hahami, lakini Sindo kwao anakujua kila kona, na kwaya wanataka aende nao makambini akiangalia waya. Kama makambini mtahitaji mtu wa kupanga viti, mimi nipo.