Sadrack Amezaliwa Mara ya Nne

Redio ya Mama Laurette ilikuwa imefungwa kwa mpira kwenye mpini wa mwavuli wake, na asubuhi ile ilitoa habari iliyomfanya Bilali ajichome sindano. Bilali ni fundi cherehani. Mashine yake imekaa ubavuni mwa meza ya kahawa ya Mama Laurette, pale juu ya gati ambapo mitumbwi ya kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto, inashusha watu na mizigo yao.

"Mwanamuziki wetu Sadrack, mtoto wa mji wetu huu wa Boyoma, amerudi kutoka Kinshasa!" mtangazaji alipayuka. "Jumamosi atazindua albamu yake mpya, Kuzaliwa Upya. Anasema sanaa yake sasa ni mwanzo mpya, kwake na kwa jimbo zima!"

Kwenye benchi la wateja, Octave akaweka kikombe chini. Huyu wanamwita Sénat, maana akishika neno, kulichukua tena ni kazi ya polisi.

"Motion!" akasema, kidole juu kama mbunge anayetoa hoja. "Niko na swali. Ule mutu atazaliwa mara ngapi? Mutoto wa batu anazaliwa mara moja. Yeye anazaliwa kila uchaguzi!"

"Mama yake alishachoka maternité!" akadakia Hugues. Huyo anaendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, na kwa kuwa yake haina breki, wamembatiza Sans-Frein. "Albamu ya kwanza, Renaissance, kuzaliwa upya. Bosi aliyemusifu akaanguka uchaguzi. Ya pili, Nouveau Départ, mwanzo mupya. Bosi mwingine, puu, chini. Ya tatu akaokoka, akaimba Yesu. Lakini hata mu ile wimbo ya Yesu aliweka jina ya ministre!"

"Mbele ya Yesu ao nyuma?" Sénat akauliza.

"Mbele! Yesu alimungojea ku kiitikio."

Benchi zima likaangua kicheko. Hakuna pale asiyejua mabanga: mwimbaji anataja jina la mkubwa katikati ya wimbo, na mkubwa anafungua mfuko. Sadrack alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Wanasema kwenye harusi moja, wakubwa walipomwishia, alitaja hata jina lililoandikwa kwenye friji.

"Artiste naye iko na haki ya kuanza upya," Mama Laurette akasema huku akimimina kahawa ya tangawizi. "Ninyi munabadilisha kanisa kila mwaka, nani anawauliza?"

"Mama, kuanza upya ni mambo ya roho," Sénat akamjibu. "Nyoka anaacha ngozi, lakini meno anaenda nayo."

Sans-Frein akamgeukia Bilali. "Accord, na wewe sema! Si ulikuwa unamupigia gita?"

Bilali alikuwa akinyonya kidole chake. Jina la Accord, la enzi zake za gitaa, lilikuwa limembakia tu, kama kovu. Zamani, mama yake, Aziza, alivusha mchele kwa mtumbwi kutoka Lubunga, mpaka siku ya dhoruba mto ukamchukua. Baada ya matanga Bilali akamtungia wimbo, Sadrack akauimba, na mtaa mzima ulilia nao. Kisha Sadrack akahamia Kinshasa. Siku moja Bilali, akiwa anakata kitambaa, akausikia wimbo ule redioni. Sauti ilikuwa ileile. Lakini pale penye "Aziza" palikuwa na jina la mkubwa mmoja wa idara ya barabara, mtu ambaye hata njia ya kwenda kwao ilikuwa mashimo matupu. Toka siku ile, gitaa la Bilali lilikaa ukutani, ndani ya kibanda kilicho nyuma ya mashine yake.

"Mimi niko nashona," akajibu, akakanyaga mashine.

Hakushona sana. Sadrack mwenyewe aliteremka kuja gatini, suti nyeupe, viatu vyeupe, miwani myeusi, suruali nyingine nyeupe mkononi. Akasalimia benchi, akaenda moja kwa moja kwa Bilali.

"Ndeko, ndugu yangu, hii suruali ya Jumamosi inanikaza. Unifungulie kidogo ku kiuno."

"Eeh!" Sans-Frein akapiga kofi. "Mutoto amezaliwa upya, kilo ngapi?"

Sadrack alijaribu kucheka. Kisha akavua miwani, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajalala.

"Suruali ni sababu tu," akasema polepole. "Nimefuata gita yako. Bale ba Kinshasa banajua kupiga, lakini ile wimbo inabakataa. Nataka kumalizia concert nayo."

"Wimbo gani?" Bilali hakuinua kichwa. "Ya mama ao ya barabara?"

Sadrack akaikunja miwani yake.

"Ya mama," Sadrack akasema. "Alikuwa ananipa wali mu sahani moja na wewe. Na mimi nikauzisha jina yake."

Bilali akaondoa mguu kwenye mashine. Miaka yote alikuwa amejiandalia matusi mengi mazuri. Hakuna hata moja lililomfaa mtu anayekubali kosa.

"Imba hapa," akasema hatimaye. "Sasa hivi. Jina ni moja tu, ya Aziza. Ukiongeza ingine, kamata suruali yako uende."

Mama Laurette hakungoja kutumwa. Aliingia kibandani, akalitoa gitaa, akalifuta vumbi kwa kitenge chake. Bilali akakaza nyuzi. Vidole, vilivyozoea sindano tu, vikamuuma toka mguso wa kwanza.

"Hatafika ubeti ya pili," Sans-Frein akanong'ona.

Sadrack akafumba macho. "Aziza, muto umelala, wewe umeamka. Aziza, ngambo iko mbali, wewe unavuka." Sauti ilikuwa imekwaruzika kwa miaka ya kusifu watu, lakini ndani yake bado alikuwamo yule kijana wa zamani. Abiria wa mitumbwi wakasimama na mizigo kichwani. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Sans-Frein akameza mate.

Ndipo jeep nyeusi ikaja taratibu, kwa kuwa watu walikuwa wameziba njia. Sadrack akafumbua macho, akalitambua gari la mheshimiwa mmoja, mbunge ambaye watu humwita Honorable. Kila mtu aliuona mdomo wake ukifunguka wenyewe.

"Honora..."

Bilali akazipiga nyuzi zote kwa mkupuo, kwa nguvu iliyokata uzi mmoja, na jina likazama humo. Lakini gari lilikuwa limeshasimama, na kioo kikashuka.

"Sadrack! Umeniita?" mheshimiwa akauliza kwa furaha. "Endelea, endelea!" Na mkono wake ukaingia ndani ya koti.

Sadrack akautazama ule mkono. Jasho likamtiririka hadi kwenye kola nyeupe. Akamgeukia Bilali, na Bilali alikuwa akiendelea kupiga kwa nyuzi zilizobaki, kichwa kimeinama, kama mtu aliyeamua kumvusha mama yake hata akiwa peke yake.

"Hapana, papa," Sadrack akasema. "Tunaimba mama yetu. Pardon, hatujamaliza."

Mkono ukatoka kwenye koti ukiwa mtupu. Kioo kikapanda, jeep ikapiga honi, ikapita.

Sadrack akauanza ubeti wa tatu amechelewa, huku machozi yakimwangusha kwenye maneno. Bilali akapunguza mwendo, akamngoja mpaka akamfikia.

Walipomaliza, Mama Laurette alijifuta uso akilaumu moshi wa makaa. Mteja akamwita Sans-Frein, naye akapanda baiskeli yake, akamtazama Sadrack aliyekuwa bado ana kwikwi ndani ya suti yake nyeupe.

"Bon, leo nimeamini," akasema. "Huyu amezaliwa kweli. Muangalie: mikono mitupu, na analia."